Kumtumia mwenzako kikapu cha duka la mtandaoni bila kumpa nywila

Mkiagiza kwa pamoja kutoka Mtwara, mtu mmoja akalipia vyote, mzigo ukifika Dar es Salaam mnagawana nauli ya kuuleta. Msipeane nywila za akaunti, peaneni kikapu.

Tumieni kompyuta, maana kivinjari cha Chrome cha simu za Android hakipokei viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Anayetuma na anayepokea wote wasakinishe kiendelezi kiitwacho Share-A-Cart. Anayetuma ajaze kikapu, afungue ukurasa wa kikapu chenyewe, kisha abofye alama ya kiendelezi na kutengeneza namba ya kikapu. Aitume kwa WhatsApp. Mpokeaji abandike namba hiyo kwenye kiendelezi chake, bidhaa ziingie kikapuni mwake.

Kinachosafiri ni orodha, si bei. Bei husomwa upya dukani, na kilichokwisha hakiingii. Kabla ya kulipa, kagueni mstari kwa mstari: viatu vyeusi namba 38 vinaweza kuingia na rangi au saizi nyingine. Na wote muwe kwenye duka lile lile: amazon.com si duka moja na amazon.co.uk.

Ruhusa ya kiendelezi kusoma tovuti iwekeni ya kubofya tu, yaani kisome pale tu mnapobofya alama yake. Kiendelezi kilichoruhusiwa kila ukurasa kinaweza kusoma hata wa benki.