Kumfunga mtoto kifuani akitazama mbele

Mtoto anayejinyonganyonga kifuani na kugeuza shingo kila bodaboda ikipita mara nyingi hana njaa, anataka kuona. Wangu wa pili alikuwa hivyo, na hata nikimweleka mgongoni alilia mpaka nimshushe.

Kwanza pima shingo. Mkalishe mapajani: kichwa kisipoyumba, muda umefika. Kwa wengi ni miezi 5 au 6. Kabla ya hapo atazame kifua chako tu, hata majirani waseme nini.

Chukua kitenge cha pamba cha yadi 6, kisichovutika wala kuteleza. Kanga moja ni fupi kwa mtindo huu.

1. Kikunje mara mbili kwa upana. Weka katikati yake tumboni, pishanisha ncha mgongoni, zilete mbele juu ya mabega, zipitishe chini ya kile kipande cha tumboni, zipishanishe tena, kisha zirudishe nyuma ufunge fundo mara mbili. Kaza sasa, maana mtoto akishaingia kitenge hulegea.

2. Kaa kitandani. Mgongo wa mtoto uegemee kifua chako, na kila mguu utokee upande wake wa ule msalaba wa kitambaa.

3. Hapa ndipo wengi hukosea. Miguu ikining'inia wima, uzito wote huangukia kinenani, na nyonga zake bado ni laini. Tandaza kitambaa chini ya mapaja, goti hadi goti. Kisha shika makalio yake kwa kiganja, yasukume kidogo kuja mbele mpaka magoti yapande, yalingane na makalio au yazidi. Jitazame kwenye kioo: akae kama chura.

4. Vuta kipande cha tumboni kimfunike kifua, kiishie kwapani. Pua na mdomo vibaki wazi.

Anza na dakika 15. Akifikicha macho, mfungue umgeuze akutazame, hata kama uko njiani. Akitazama mbele hana pa kulaza kichwa. Usingizi ukimchukua kidevu huangukia kifuani na pumzi hubanwa. Sokoni penye makelele pia mgeuze mapema, apate pa kuficha uso.

Na jikoni usiingie naye hivyo kabisa. Wangu aliwahi kunyoosha mkono akashika mfuniko wa sufuria ya uji, nami nilikuwa nimegeuka tu kuchukua mwiko.