Jinsi ya Kujiandaa kwa Kipimo cha Altrasaundi

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti badala ya mionzi ya eksirei, ndiyo maana hutumika hata kwa wajawazito. Proba, yaani kifaa anachokishika mpimaji, hutoa mawimbi yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi. Mawimbi hayo hupita mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, hugonga viungo na kurudi, na mashine hukokotoa muda yaliyotumia ili kuchora picha.

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni hewa, kwa kuwa huyarudisha mawimbi karibu yote kabla hayajafika panapotakiwa. Masharti mengi yanayowasumbua wagonjwa yanatokana na jambo hilo. Anayepimwa ini, nyongo au kongosho kwa kawaida huambiwa asile kwa saa 6 hadi 8, kwani chakula huongeza gesi tumboni na pia hufanya mfuko wa nyongo usinyae, hata vijiwe vidogo vikawa vigumu kuonekana. Chai ya maziwa nayo huhesabiwa kuwa chakula. Mwenye kisukari anayetumia dawa aulize mapema namna ya kufunga. Anayepimwa nyonga au mimba changa kwa juu ya tumbo hutakiwa kunywa maji ya kutosha na kubana mkojo, maana kibofu kilichojaa husukuma utumbo kando na kuyapitisha mawimbi vizuri. Akipimwa kwa njia ya uke, kibofu huachwa kitupu, naye ana haki ya kuomba mhudumu mwanamke awepo.

Vaa nguo zinazofunguka kwa urahisi. Utapakwa jeli, ambayo mara nyingi ni ya baridi, ili kuondoa hewa kati ya ngozi na proba. Mpimaji atakandamiza kidogo, atakwambia ulale ubavu, kisha atasema, “Vuta pumzi, ibane.” Kwa kawaida kazi huchukua dakika 15 hadi 30. Ukimya wake usikutie hofu: anapima ukubwa wa viungo na kuhifadhi picha.

Majibu huandikwa kwenye ripoti, ambayo daktari aliyekuagiza huilinganisha na dalili zako. Ikiwa umewahi kupimwa, nenda na ripoti ya zamani, kwa sababu uvimbe wa sentimita 3 huwa na maana tofauti ukijulikana ulikuwa na ukubwa gani mwaka uliopita.