Gita la kaboni kwa hewa ya ziwani
Kwa wanaopiga gita Kirumba, Mwanza, au hoteli za ufukweni: masika gita la mbao hunywa unyevu, uso unavimba, daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye uso) linapanda, nyuzi zinakaa juu na vidole vinaumia. La kaboni, lililoundwa kwa nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao, halivimbi. Nyuzi zake ni chuma kilekile lakini, zinashika kutu, na jua likizipasha zinalegea na kushuka sauti. Zifute kila ukimaliza.

Mlio wake ni mkali na safi. Ule ujoto wa mbao ndio unaokosekana. Nyuzi zilizozungushiwa fosfa-bronzi (aina ya shaba) hulainisha ukali huo kidogo.

Kabla ya kulipa (bei si mchezo!) uliza kama shingo ina chuma cha ndani cha kurekebishia mpindo wake, mengine hayana. Kisha pima kwenye freti (kile kichuma cha kukingama shingoni) ya 12: uzi mnene ukizidi milimita 3 juu ya freti, omba punguzo au liache.