Jinsi ya kufuatilia maisha ya mwanamke aliyepelekwa Tasmania kama mfungwa

Kabla ya kuomba nakala yoyote, tafuta jina la meli. Wanawake wapatao 12,500 walipelekwa, hasa kutoka Uingereza na Ireland, hadi Van Diemen's Land, yaani kisiwa cha Tasmania cha leo, Australia, kutumikia adhabu kati ya 1803 na 1853, na akina Mary Smith humo ni wengi mno. Makarani wa koloni walimtambua kila mmoja kwa jina alilohukumiwa nalo pamoja na meli iliyomleta. Hata akiolewa, daftari la wafungwa liliendelea kumwita vilevile, kwa hiyo ukimsaka kwa jina la mume humpati.

Anzia kwenye faharasa ya majina katika tovuti ya Libraries Tasmania. Ni bure, na kurasa nyingi zimeshapigwa picha, basi usikimbilie kulipa. Andika kwanza jina la ukoo peke yake, kisha geuza tahajia: Reilly, Riley, O'Reilly. Karani aliandika alichosikia. Meli nayo inaweza kukupoteza: Garland Grove ilileta wanawake 1841, ikaleta wengine 1843. Safari ilichukua miezi mitatu au minne, kwa hiyo mwaka wa kesi na mwaka wa kufika huenda visilingane. Wazee wa ukoo wakisema alipelekwa Australia Magharibi, kuna kosa mahali; wafungwa waliosafirishwa huko kutoka Uingereza walikuwa wanaume.

Ukimpata, nakili namba ya kumbukumbu yote, bila kuacha tarakimu. CON40 ni daftari la mwenendo la waliofika hadi 1843, CON41 la waliofika 1844 hadi 1853. Tenga muda kwa ukurasa huu. Sehemu ya juu ina kosa, mahakama, tarehe ya hukumu na miaka ya adhabu, mara nyingi 7, 10, 14 au maisha. Katika CON41 utakuta pia kimo, umri, dini, kazi na kama alijua kusoma. Chini yake hufuata mashtaka aliyoyapata koloni, kila moja na tarehe, jina la bwana aliyepangiwa kumtumikia na adhabu: alilewa, alitoroka usiku, alimjibu bwana kwa ufidhuli, akapelekwa kufua nguo katika gereza la wanawake la Cascades, Hobart. Herufi T.L. ni kibali cha kujitafutia kazi kabla adhabu haijaisha, C.P. ni msamaha wa masharti. Mwandiko ni mbaya na umebanwa. Kuza picha, na linganisha herufi ngumu na neno unalolijua katika ukurasa huohuo.

CON19 hueleza sura na alama za mwilini. CON15 mara nyingi hutaja wazazi na ndugu aliowaacha, na hapo ndipo unapothibitisha kwamba ni wenu kweli.

Kwa ndoa, fungua CON52, daftari la maombi ya ruhusa ya kuoa na kuolewa. Ruhusa kutolewa si ushahidi kwamba ndoa ilifungwa. Lazima uikute katika rejista ya ndoa, RGD37 (kuanzia 1838). Kuanzia hapo mtafute kwa jina jipya kwenye rejista ya vifo, RGD35 (nayo kuanzia 1838). Mtoto aliyezaliwa gerezani tafuta kwanza kwa jina la mama. Wengi walihamishiwa shule ya yatima ya New Town wangali wadogo sana.

Upande wa Uingereza, maombi hupelekwa The National Archives, Kew. HO 11 ni rejista za wafungwa waliosafirishwa, meli kwa meli. HO 17 (1819–1839) na HO 18 (1839–1854) ni barua za kuomba huruma, na mara nyingine majirani na waajiri wameandika humo kumtetea; kwangu hizi zina thamani kuliko rejista zote. ADM 101 ni shajara za madaktari wa meli, ila asiyeugua huenda asitajwe. Chagua jalada kwenye katalogi, omba kurasa zikaguliwe (hulipiwa), subiri makadirio ya bei, kisha lipia nakala. Ukiandika tu "naomba kila kitu kuhusu bibi yetu", huduma ya nakala haitakusaidia, kwa kuwa hufanya kazi kwa namba ya jalada na ukurasa.

Kumbukumbu za aliyehukumiwa Ireland ziko Dublin. Rejista za huko za kabla ya 1836 ziliteketea 1922, basi kwa miaka hiyo tegemea barua za kuomba huruma zilizosalia na madaftari ya Hobart.