Kikundi cha mazoezi cha mtaa: kupanga saa, pwani na watu wa rika zote

Mwongozo huu ni wa kikundi cha shehia (eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar, chini ya sheha) chenye watu 20 hadi 40, watoto kwa wazee, kinachokutana mara tatu kwa wiki, dakika 50 kila mara. Jumla ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima kwa wiki.

Hatua ya 1: Viongozi

Mwarifu sheha. Tafuta kiongozi mwanamme na kiongozi mwanamke. Bila ya mwanamke anayeongoza, akina mama watakuja siku ya kwanza tu.

Hatua ya 2: Saa na maji

Hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Watu huandika "kila Jumatatu saa 10:30 jioni, ufukweni", wiki ya pili wanakuta bahari imefika kwenye minazi.

Anza na sala. Alasiri huingia baina ya saa 9:10 na saa 10, magharibi baina ya saa 12:15 na 12:45, kufuatana na miezi. Saa 10:30 hadi 11:20 inakaa vizuri katikati, na watu wanapata muda wa kurudi nyumbani kuoga na kutia udhu. Wakati wa kaskazi, jua likiwa bado kali, sogeza mpaka saa 11.

Kisha angalia mwezi wa Kiislamu, si kalenda ya ukutani. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kwenye tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10 au 11 jioni, ndiyo saa mliyoipanga. Maji mafu, yaani maji madogo, kwenye tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, ni kinyume chake: jioni maji yamekupwa na pwani ni nyeupe. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo, na pwani hufaa zaidi kuanzia saa mbili kabla ya maji kupwa hadi saa mbili baada yake. Kwa hivyo ratiba iwe na viwanja viwili: pwani siku za maji mafu, kiwanja cha skuli siku za bamvua. Ziandike tarehe za mwezi mzima kwenye karatasi moja, mzibandike dukani.

Msihamishie mazoezi asubuhi ya bamvua bila kuuliza. Kwenye vijiji vya mwani, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa sana ndiyo saa ya kazi kwa akina mama, nanyi mtakuwa mnakimbia juu ya kamba na vijiti vyao.

Msiwapeleke watoto kwenye mafungu ya mchanga ya mbali maji yakiwa yanajaa. Maji hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, na mtu anayeangalia mbele haoni kitu mpaka njia ya kurudi imefika kiunoni.

Kimbieni kwenye mchanga mbichi ulio bapa. Pwani ikiwa na mteremko, rudini kwa mstari ule ule mliokwendea, ili mguu mmoja usibebe mzigo peke yake. La sivyo goti na kifundo vitauma.

Hatua ya 3: Kupima presha

Kila mwenye miaka 40 na zaidi apimwe kabla ya siku ya kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa buibui. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, basi nunueni na mkubwa. Aliyefika 180 kwa 110 asifanye mazoezi; aende kituo cha afya. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asije na njaa, na asitembee pekupeku, kwani mguu uliokufa ganzi hausikii kigae cha chupa.

Hatua ya 4: Mazoezi yenyewe

Dakika 10 kutembea kwa haraka, wote pamoja. Kisha gawaneni. Watoto wacheze nage au kuruka kamba; wao wanahitaji dakika 60 kila siku, kwa hivyo waendelee na nyumbani. Watu wazima watembee au wakimbie kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Wazee wakae na kuinuka kwenye kiti mara 10, wapumzike, warudie, kisha wasimame kwa mguu mmoja wameshika ukuta, sekunde 10 kila mguu. Hili la wazee watu hulidharau, na ndilo linalowakinga wasianguke.

Raba, si ndara. Filimbi, si spika: inasikika vya kutosha na haisumbui msikiti.

Hatua ya 5: Daftari

Andika majina kila siku. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya matembezi ya siku ya mazoezi Zanzibar, tarehe 1 Januari, tu hakina sababu ya kukutana Februari, na daftari litakuonesha mapema nani anapotea. Mzee akikosekana mara mbili mfululizo, kiongozi aende nyumbani kwake jioni ile ile, na mashine ya presha mkononi.