Ukienda Msibani Tanga, Usimsimulishe Mfiwa

Mume wangu alifariki Jumatano baada ya alfajiri, nyumbani kwetu Ngamiani. Mpaka matanga yanaanuliwa nilikuwa nimesimulia kifo chake zaidi ya mara 30. Aliyeingia alinishika mkono, akakaa mkekani, akauliza: "Kwani alikuwa anaumwa nini?" Nami naanza upya: kifua, hospitali, usiku ule. Hawakuwa watu wabaya, wengi walilia pamoja nami. Lakini kila swali lilinirudisha ubavuni mwa kitanda chake.

Basi wanangu, na nyote mnaokuja kuhani huku kwetu, hili ndilo la kwanza. Usimuulize mfiwa mtu wake amekufaje. Ukitaka kujua, muulize jirani au shangazi aliyekaa mlangoni. Kwa mfiwa sema "Pole, Mwenyezi Mungu amrehemu," mshike mkono, kaa. Akianza kusimulia mwenyewe, msikilize mpaka amalize, na usimkatize kwa kumletea msiba wako.

Wanawake, vaeni baibui na mtandio, au kanga mbili. Kanga isome jina kabla hujatoka. Nimeona mtu kaingia msibani na kanga ya kijembe, wifi wa marehemu akajua amelengwa yeye, wakakaa siku tatu hawasemezani na sufuria wanapikia moja. Chagua yenye dua. Dhahabu ziache nyumbani.

Wanaume hukaa nje, kwenye majamvi chini ya turubai. Wanawake hupita ndani. Ukishatoa pole usigande chumbani, nenda uani, kwani huko ndiko kwenye kazi: vitunguu, nazi za kukuna, mchele wa kuchagua, masufuria ya kusugua. Mimi huenda na kisu changu, nimekifunga kwenye kitambaa. Habari za kuuawa Jaafar bin Abi Talib zilipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliagiza jamaa za Jaafar wapikiwe chakula, maana wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Mpishi ni wewe uliyekuja, si mwenye msiba. Huniuma sana nikisikia mjane anaitwa aseme chumvi iko wapi. Tafuta. Ukiikosa, tuma mtoto dukani. Rambirambi nayo mpe anayeandika daftari, usimbebeshe mfiwa noti mkononi.

Jeneza hubebwa kwa kupokezana. Ingia begani, tembea hatua chache, mpishe mwenzako. Swala yake ni takbira nne kwa kusimama, haina rukuu wala sijida, kwa hiyo kijana unayeiswali mara ya kwanza usiiname. Rafiki asiye Mwislamu husubiri nje kwa utulivu, kisha hufuatana na wenzake makaburini. Pale kaburini watu hutia udongo mara tatu kwa mkono. Sisi wanawake hubaki nyumbani, na hiyo ndiyo saa nyumba inapopiga kimya kizito. Mkae karibu na mjane wakati huo, msitawanyike.

Msiba ukiwa wa Kikristo utakuta ibada na kuaga mwili. Fuata mstari, pita taratibu, simu ikae mfukoni. Picha ya marehemu ndani ya jeneza si yako kuituma kwenye kundi la WhatsApp.

Siku ya tatu ikishapita, turubai linashushwa, majamvi yanarudishwa msikitini, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Mjane anabaki na eda yake, miezi 4 na siku 10. Hajipambi wala hajitii manukato, kwa hiyo usimpelekee marashi ukadhani unamliwaza. Mpelekee kitoweo, mkaa, sukari. Zaidi ya hapo nenda mwenyewe, na usingoje arobaini.

Jirani yangu mmoja alikuja kila Jumanne baada ya alasiri. Alileta changu wawili wa soko la samaki la Deep Sea, ameshawaparua na kuwatia chumvi, akawaweka jikoni, kisha akavuta ungo tukachagua mchele wote wawili. Hakuniuliza kitu. Wiki ya sita, bado tuna ungo katikati yetu, nikaanza kumweleza habari za ule usiku.