Jinsi ya kuipa blogu yako sura mpya kwa michoro ya bure (bila kuiba kazi ya mtu)

Wadau, mtu akitaka kubadilisha muonekano wa blogu anakimbilia themu kwanza, anajaribu hii anaacha anajaribu ile, mwisho anachoka. Mimi nasema anza na mchoro. Mmoja tu. Ukishaupata huo, rangi na mpangilio vyote utavitoa humohumo.

Hatua ya 1: tafuta mchoro, soma leseni ndo udownlodi. Picha kutokea Google haimaanishi ni ya bure, hili naomba lieleweke kabisa maana wasanii wanaumia kazi zao zikibebwa tu hivihivi. Nenda Wikimedia Commons (ghala la mtandaoni la picha za leseni huria), au makumbusho ya The Met kule New York, ambayo tangu 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki tena wameziachia kwa CC0, yaani fanya utakalo hata biashara. Smithsonian, makumbusho mengine ya Marekani, nao wakafungua za kwao 2020. Kwa wasanii walio hai wanaotumia Creative Commons (leseni za kuruhusu wengine watumie kazi yako kwa masharti) angalia zile herufi: BY mtaje msanii, SA ukiibadilisha na wewe iachie kwa leseni hiyohiyo, NC isitumike kibiashara (blogu ina matangazo? iache), ND usiibadilishe, na heda (ile picha pana ya juu kabisa ya blogu) lazima uikate kwa hiyo tafuta nyingine.

Tuchukue mfano mchoro wa shamba la ngano wa Van Gogh wa 1889, upo The Met.

Hatua ya 2: kata. Heda ni pana na fupi, ukiubana mchoro mzima unaharibika, chukua kipande tu. Kwenye huu miti mirefu ya kijani iko kulia na mawingu yamejikunja kote juu, sasa wengi wanabandika jina la blogu juu ya mawingu na herufi zinamezwa pale, halisomeki. Jina liweke chini ya picha, kwenye rangi tupu. Halafu kwenye simu heda huwa inakatwa pembeni, miti inapotea, na bila ile miti mchoro umepoa kabisa, so kwenye CSS (ile kodi ya kupanga muonekano wa blogu) andika background-position: right center, inabaki.

Hatua ya 3: punguza uzito. Faili la makumbusho linaweza kuwa megabaiti kibao na msomaji wako anasoma kwa bando. Upana pikseli 1600 unatosha, pitisha Squoosh (tovuti ya bure ya kupunguza uzito wa picha), seivu kama WebP (aina ya faili jepesi la picha), hakikisha iko chini ya KB 200.

Hatua ya 4: rangi tatu, basi. Zichote kwenye mchoro wenyewe kwa kile kidude cha kunyonyea rangi: kijani cha miti kwa vichwa vya habari na linki, weupe wa mawingu kwa mandharinyuma, njano ya ngano kwa mistari na vitufe tu. Njano usiiandikie maneno juu ya nyeupe, mtu akiwa juani haoni kitu. Tofauti ya maandishi na mandharinyuma isishuke chini ya 4.5 kwa 1, kuna tovuti za bure za kupima.

Hatua ya 5: taja chanzo chini ya ukurasa: jina la kazi, msanii, ulipoitoa, leseni. CC0 haikulazimishi ila taja tu, msomaji aliyeipenda ajue pa kuifuata. Na kama msanii yuko hai, mtumie linki ya blogu aone kazi yake imekaaje.